Maji ya Newala Hayafiki Mia

Jumamosi, 5 Juni 1909

Zamu yangu tena ya kuchemsha. Mara ya kumi. Sufuria ileile, maji ya kisima cha misheni hapa Masasi, kuni zimelowa umande, moshi wote machoni mwangu. Themometa nimeifunga uzi nikaining'iniza isiguse chini. Ni kijiti cha kioo chenye zebaki ndani na alama ubavuni. Joto likizidi, zebaki inapanda.

Maji yakatokota hasa. Zebaki ikapanda mpaka tisini na nane na nusu, ikasimama. Nikaongeza kuni. Maji yanaruka nje ya sufuria na zebaki imekaa palepale kama mgeni aliyekwisha kuaga na haondoki.

Nikaandika ubaoni: mia moja.

Ndivyo anavyotaka Sista Adelheidi, mwalimu wetu. Maji yanachemka kwenye mia. Ujerumani mia, Masasi mia, kwa Sultani wa Unguja mia. Ni sheria ya maumbile, anasema, na sheria hiyo haina ruhusa ya kubadilika. Kioo chetu kimezeeka tu, kinapunguza moja na nusu, kwa hiyo tunakiongezea. Wasichana wote wakaitikia kwa Kijerumani: kila mahali, kila mahali.

Mimi sikuitikia. Nina haya, nikinyamaza hakuna anayeshangaa. Ila humu naandika. Nimeandika mia mara kumi, na sijaiona hata mara moja. Uongo mara kumi, kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 9 Juni

Nimesema!

Shule inafungwa kesho. Sista alikuwa anapanga kabati, akatuambia themometa mpya iko njiani na wapagazi kutoka Lindi, hii ya zamani itupwe shimoni. Nikainua mkono. Wote wakageuka, maana mkono wangu hawaujui. Nikaiomba. Kwa Kijerumani, sentensi nzima, na kitenzi nikakiweka mwisho panapotakiwa. Halafu nikahisi masikio yanawaka.

Sista akaniuliza nataka kuifanyia nini, na kioo chenyewe kinadanganya. Nikasema nataka tu. Akanipa. Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

Nimeitia ndani ya kipande cha mwanzi, nimejaza pamba juu na chini. Nimeipakata jioni yote kama mtoto mchanga. Furaha ya kijinga. Lakini ni furaha.

Jumamosi, 12 Juni. Chiwata

Mjomba alikuja kunichukua. Ni kaka yake mama, na tangu mama afariki kauli juu yangu ni yake. Baba Asha, watu wazima wanamwita hivyo. Watoto wa Newala wanamwita Baba Maji, na wanakimbia.

Sababu wanaijua wote. Miaka minne iliyopita alikuwa bondeni kwa wakwe zake, vita vikamkuta huko. Akanywa maji ya dawa pamoja na wenzake. Waliambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Ya kwake haikugeuka. Ipo mpaka leo kwenye paja, na ndiyo maana safari yetu ya siku mbili tunaitembea siku tatu. Wakimtania, yeye hucheka nao. Mdomo unacheka.

Leo tumepumzika kwa ndugu hapa Chiwata. Nilipochemsha maji ya uji nikaingiza kioo. Tisini na nane na nusu, kama misheni. Mjomba akachutama kando yangu, mguu mbovu ameunyoosha. Akauliza ni dawa? Nikasema hapana, Mjomba, ni kipimo tu, kinasema maji yana moto kiasi gani. Akauliza kwani maji yenyewe hayasemi? Kisha akaniuliza kama kiasi hicho ni kimoja kila mahali. Nikamjibu alivyofundisha Sista. Kila mahali.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema na wao, waliokunywa dawa, waliambiwa hivyo, kila mahali.

Nikakoroga uji.

Jumapili, 13 Juni. Kitangari

Tumepanda. Mlima umenimaliza magoti. Juu hewa baridi, mchanga mwekundu, mihogo pande zote. Naipenda harufu ya kwetu, inafanana na udongo uliomwagiwa maji, na maji yenyewe hakuna.

Nimepima. Tisini na nane kamili.

Nimepima tena. Tisini na nane.

Ile nusu imekwenda wapi? Labda nimekigonga kioo njiani. Nimekikagua mpaka macho yameuma. Hakina ufa.

Jumatatu, 14 Juni. Newala

Nimefika. Bibi alinipokea kwa kicheko, ndonya yake, lile pambo la mti kwenye mdomo wa juu, inacheza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mke mwenzangu, umekuja kunisaidia kumlilia mume wetu marehemu au umekuja kula? Nimekuja kula, Bibi. Kunde na ugali wa muhogo. Nilikula mpaka nikaona haya, halafu nikala tena.

Asha, binti ya Mjomba, amekua. Ulimi wake pia. Tuna umri mmoja, miaka kumi na sita, lakini maneno yake ni ya watu sita. Nampenda kwa sababu nikiwa naye sihitaji kusema.

Jumanne, 15 Juni

TISINI NA SABA NA NUSU.

Nimecheka peke yangu jikoni. Bibi akauliza nani kanitumia salamu.

Mara tatu nimepima. Maji yanatokota na hayana habari na mia, wala na tisini na nane. Misheni hivi, Kitangari vile, hapa vingine. Sista anasema sheria haina ruhusa ya kubadilika. Basi imebadilika bila ruhusa.

Nikajaribu kumweleza Bibi. Kwamba maji ya hapa yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Nilifikiri atastaajabu. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jua linachomoza. Akasema mpishi gani wa huku asiyejua hilo? Maji ya mlimani yana pupa. Yanachemka upesi na hayaivishi. Ndiyo maana kunde za hapa zinawekwa motoni kabla ya kwenda kuteka, unateremka, unapanda, unazikuta zimeiva. Bondeni wanaziweka wakishatoka kuteka, na zinaiva vilevile. Mwanamke mgeni akiolewa huku, mwaka wa kwanza anawavunja watu meno.

Kwa hiyo bibi yangu, asiyejua hata a, alilijua jambo hili kabla Sista hajazaliwa. Sijui nicheke au nilie. Nimecheka.

Jumatano, 16 Juni

Sikupata usingizi wa mchana kwa kufikiri. Je, ni maji au ni mahali? Misheni nilipima maji ya kisima. Hapa nimepima maji ya chemchemi. Pengine maji yetu ni mepesi tu, kama watu wengine walivyo wepesi wa hasira.

Njia ni moja. Maji yaleyale yapimwe chini na juu.

Kesho nateremka na Asha kuteka. Nitabeba na chungu kidogo na kijinga cha moto.

Naomba Mungu anisamehe, natamani iwe ni mahali. Nataka kwetu pawe na sheria yake. Kila kitu chenye nguvu kimetoka pengine: boma, misheni, kitabu, bunduki. Hii tu nataka iwe yetu.

Alhamisi, 17 Juni

Ni mahali!

Chini chemchemini, maji yale: tisini na nane na nusu, na unene wa unywele mmoja juu yake. Nikayafunika kwa jani, nikajitwika kichwani, nikayapandisha ukingo wote wa mlima, Asha nyuma anahema na bado anaongea. Katikati ya njia, kwenye lile jiwe la kupumzikia, tukawasha moto tena: tisini na nane. Nyumbani: tisini na saba na nusu.

Maji yaleyale. Chungu kilekile. Kioo kilekile. Kadiri tunavyopanda ndivyo yanavyochemka mapema. Kama kuna mtu huko juu anayapunguzia masharti.

Nilimwimbia Asha nambari zote kwa sauti. Mimi, kwa sauti. Akasema kumbe unalo koo. Halafu tukakaa mlangoni tukala ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha (imechukua muda mrefu kuiva, na sasa najua kwa nini) tukacheka kwa jambo ambalo hata sikumbuki.

Jumamosi, 19 Juni

Asha amewaambia wote. Nilimwomba asiseme. Alinijibu sijasema, nimeeleza tu. Alivyoeleza ni hivi: Luisa anacho kijiti cha kioo, maji yakikiona yanasema kweli.

Leo chemchemini walikuwa wananingoja wanawake kama kumi na watano. Kila mmoja anataka maji yake yapimwe. Mama mmoja wa kijiji cha Chilangala akataka yake yapimwe mara mbili kwa sababu hayawezi kuwa sawa na ya mke mwenzie. Yalikuwa sawa. Kicheko kikapanda mpaka juu ya ukingo. Mama mmoja akaniuliza kama naweza kumtumbukizia mumewe, ajue lini anachemka.

Sijawahi kuzungukwa na watu hivyo nikafurahi. Kwa kawaida natamani ardhi inimeze. Leo nilitamani jua lisimame.

Jambo moja tu. Mama mmoja mzee alikuja mwisho, akauliza wanafanya nini hawa, akaambiwa kuna kijana wa misheni ana kitu cha maji. Akamwaga mtungi wake wote chini. Akasema maji yalishatumaliza mara moja. Akaondoka na mtungi mtupu, mlima wote ule.

Watu wakamsindikiza kwa macho. Halafu wakaendelea. Na mimi nikaendelea. Ningepaswa kuacha.

Jumatatu, 21 Juni

Watu hawatusalimu vizuri. Njiani wanaume wawili walinyamaza tulipopita. Bibi amesikia huko kwa majirani kwamba Newala kuna maji mapya. Kwamba ni ya kioo. Kwamba aliyeyaleta ni Baba Asha, kwa sababu ni nani mwingine.

Bibi hakucheka. Ameniambia niufiche mwanzi. Nimeutia ndani ya kapu la kunde.



Jumanne, 22 Juni

Wamemchukua Mjomba.

Askari wawili wa akida, anayetutawala kwa niaba ya Wajerumani, asubuhi, tukiwa tunamenya mihogo. Hawakupiga mtu. Walisema Baba Maji anaitwa bomani. Wakauliza kiko wapi kijiti cha kioo, na cha nani. Nilikuwa nimesimama palepale na kisu mkononi. Mdomo wangu ukafunguka, sauti haikutoka. Haikutoka!

Mjomba akasema, "Ni changu. Nimeshakivunja."

Hakunitazama hata kidogo. Akachukua fimbo yake, akawatangulia kwa mguu ule.

Asha amelia mpaka ametapika. Anasema ulimi wake ndio uliomfunga baba yake. Nikamwambia si ulimi wako, ni ukimya wangu. Tukashikana. Bibi ameenda bomani na amerudi: Ijumaa msafara unaondoka kwenda Lindi, na Mjomba atakwenda nao kwenye mnyororo. Mtu aliyekunywa maji mwaka ule, akikutwa na maji mengine mwaka huu, hana wa kumsemea.

Yuko wa kumsemea. Anaogopa tu.

Nimeandika hapa ili nisiweze kukataa kesho: Luisa, utakwenda.

Jumatano, 23 Juni

Nimekwenda.

Akida ni mtu wa pwani, mnene, kanzu nyeupe, anasema kwa upole na huo ndio unaotisha zaidi. Nilipofika alikuwa anamgombeza mpishi wake, mzee aitwaye Feruzi, kwa sababu ya kunde. Akisema hizi ni kunde au ni kokoto? Mpishi anatazama chini kama mtu aliyezoea.

Nikasema shikamoo. Mara ya tatu ndiyo iliyosikika.

Nikautoa mwanzi. Nikasema kioo ni changu, si cha Mjomba, hakikuvunjika, nilipewa misheni, ni kipimo cha joto. Nilisema nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilisema maji ya Newala yanachemka mapema kuliko ya bondeni na ndilo jambo pekee nililowaambia watu. Sauti ilitetemeka tokea neno la kwanza mpaka la mwisho. Lakini ilitoka.

Akida akakigeuza kioo juani. Akasema, "Mwanangu, mwaka ule pia tuliambiwa ni maji tu."

Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Sijui nani aliniinua. Nikasema, "Basi bwana apime mwenyewe. Maji yako, birika lako, moto wako. Mimi nitakaa mbali."

Askari wakatazamana. Mjomba alikuwa chini ya ukuta, mnyororo shingoni, akitikisa kichwa nisiendelee.

Akida aliagiza birika lake. Maji yalitoka katika mtungi wake, moto akawasha askari wake, mimi nikasimamishwa huko mlangoni, mbali. Kioo akakishika yeye kwa uzi. Maji yakatokota. Akasoma, akasogeza macho karibu, akasoma tena: tisini na saba na nusu. Akaniuliza huko chini ni ngapi? Nikamwambia tisini na nane na nusu, na unywele mmoja.

Akasema ikiwa hivyo, ni hivyo. Ikiwa sivyo, mimi na Mjomba tutakwenda Lindi wawili, si mmoja. Kesho atateremka mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nikalala kama gogo. Sikujua ujasiri unachosha hivi.

Alhamisi, 24 Juni

Niandike taratibu nisisahau kitu.

Akida aliteremka kwa miguu, punda amekataa. Mwavuli, askari wawili, Feruzi na birika kichwani, Mjomba na mnyororo wake, mimi, Bibi, Asha, na nyuma yetu sijui nusu ya Newala. Kila mtu anadai anakwenda kuteka. Wengine hata mitungi hawakubeba.

Akida aliteleza mara mbili. Mara ya pili alikaa chini kabisa, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka mwenyewe.

Chemchemini maji ya birika yalikuwa yaleyale yaliyotoka bomani, amekaa nayo askari usiku kucha yasichezewe. Moto. Feruzi ndiye aliyepuliza. Nikawaza: kama leo mahali pamegeuka? Kama sheria imeamua kurudi kwenye mia, leo hii, mbele ya watu? Ikiwa inabadilika kwa mlima, kwa nini isibadilike kwa siku? Nimeipenda kwa sababu haina utulivu, na sasa namwomba Mungu itulie.

Yakatokota. Akida akainama, kilemba kikamwangukia begani.

Akakaa hapo muda mrefu. Kisha akasoma kwa sauti, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Tisini na nane na nusu. Akaongeza: na unywele mmoja.

Bibi akapiga kigelegele kabla mtu hajaruhusiwa.

Lakini akida alikuwa hatutazami sisi. Alikuwa anamtazama Feruzi. Akamwuliza kwetu Lindi kunde ulikuwa unaziweka saa ngapi motoni? Feruzi akasema saa nne, bwana. Na huku? Saa nne vilevile, bwana, kama ulivyoniagiza. Akida akanigeukia mimi, akauliza wanawake wa huku wanaziweka lini? Nikamwonyesha Bibi. Bibi akajibu bila haya yoyote kwamba wao wanaziweka kabla ya kuja kuteka, na kwamba mtu mzima anayekula kokoto miaka mitatu bila kuuliza majirani, hilo ni lake.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, akida alikuwa anacheka na tumbo lote. Akasema, "Feruzi. Kumbe si wewe."

Na yule mzee, aliyezoea kutazama chini, akainua uso akajibu, "Miaka mitatu, bwana, nilikwambia kunde hizi zina kiburi."

Hapo chemchemi nzima ikapasuka. Askari, watoto, yule mama wa Chilangala, wote. Miaka yote hiyo akida alikuwa akitishia kumfukuza Feruzi, nimesikia. Alimwamuru askari afungue mnyororo. Ufunguo ukagoma, wakaupaka mafuta, ukakubali. Akaniambia nisipime tena mbele ya umati bila kumwarifu, na kioo akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto.

Mjomba alipiga magoti akanywa maji ya chemchemi kwa viganja. Alikunywa sana. Watu walimtazama, na mtoto mmoja akaanza kusema Baba Ma, mama yake akambana sikio.

Asha alipanda mlima wote akiimba. Mimi niliimba naye. Kiitikio tu.

Jumapili, 27 Juni

Mvivu leo. Furaha imenichosha. Feruzi alikuja kumwamkia Bibi na kujifunza kunde. Bibi alimweka kwenye kigoda akamfundisha kama mwari. Alipoondoka alikuwa amebeba kunde zetu zilizoiva, akida ametuma aletewe, aonje kwanza za kweli.

Nakiri hapa: nilipita mara mbili mbele ya boma bila sababu, ili watu wanione. Kisha nikaona haya nikarudi kwa njia ya nyuma.

Jumamosi, 3 Julai

Barua ya Sista. Nilikuwa nimemwandikia nambari zote, kwa Kijerumani, kurasa mbili, na kuomba radhi kwa kuandika mia mara kumi.

Themometa mpya imefika. Ameijaribu kwenye maji yanayochemka siku ileile. Tisini na nane na nusu. Anaandika kwamba alikaa chini, kisha akacheka mpaka Sista mwenzake akaja kumwangalia. Kioo cha zamani hakikudanganya hata siku moja. Anasema alifundishwa zamani, akasahau: hewa ina uzito, nayo inayakandamiza maji. Juu hewa ni nyepesi, maji yanatoroka mapema. Mia ni ya pwani tu, karibu na bahari. Kitabu chake kiliandikwa na watu wa nchi ya chini wakadhani kwao ndiko kila mahali.

Anaomba nikirudi niziandike nambari za Newala ubaoni, kwa mkono wangu, na nizisome kwa darasa. Kwa sauti, ameandika, na amepiga mstari chini.

Nimefurahi. Na nimesikitika kidogo, nitasema kweli. Nilitaka tuwe na sheria yetu. Kumbe ni sheria moja, kubwa kuliko ile ya kwanza, nasi tumo ndani yake pamoja na wao. Lakini nimewaza jambo. Na hii kubwa, ni nani aliyeipima kila mahali? Sista amefika Masasi. Mimi nimefika Newala. Nyotani hakuna aliyefika. Huenda nako kuna bibi anayeziweka kunde mapema, anajua sababu, na hajaulizwa.

Jumapili, 4 Julai

Baridi asubuhi. Ukungu umekaa bondeni, hatuuoni mto wala upande wa pili.

Mjomba alikuja jikoni. Akaomba nimwonyeshe. Nambari hazijui, kwa hiyo nikamwekea alama ya masizi kwa ukucha wangu kwenye kioo, pale kwenye tisini na saba na nusu. Akashika uzi. Tukangoja moto ukolee.

Akaniuliza, bila kunitazama, kama ni hivyo, kama mambo yanabadilika mtu akipanda, je, hakuna mahali popote ambapo risasi inageuka maji?

Nilijua jibu la shule. Nililijua kwa lugha mbili. Nikaliacha.

"Sijapima, Mjomba."

Akasogeza kuni motoni. Maji yakaanza kunong'ona ndani ya chungu.

"Hata sisi," akasema. "Hatukupima. Tuliambiwa tu."

Akapapasa paja lake, pale risasi ilipo, kama mtu anayempapasa mbuzi aliyemzoea. Sikumwona akicheka, lakini uso wake ulikuwa umelegea, na sijauona hivyo tangu nikiwa mdogo.

Maji yakachemka. Zebaki ikapanda, ikafika kwenye alama, ikasimama. Akaniambia niangalie. Nikaangalia. Akaniambia niangalie vizuri.

Bibi ameita kutoka nje, kunde ziko motoni, twende tukateke. Mjomba amesema leo anateremka na sisi.